Mtu Aliyesimama Langoni

Ruiru
3 Aprili, 1955

Shemeji Simeon,

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi nyingi, mpaka ukurasa wa mwisho ukachanika nilipoutoa. Kwa hiyo anayesoma kabla yako namsalimu pia.

Unasema unataka kuandika hadithi ya dada yako Idah, nami nikupe ninachokumbuka. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, sijui hadithi inataka nini. Nitakupa vile vidogo nilivyo navyo.

Akichuma kahawa aliongea na mti. Akikuta tunda bichi aliliambia, "Wewe unachelewesha wenzako." Alipenda kula nje, hata mvua ikinyunya, akiwa amefunika sahani kwa mkono. Kikuyu changu kilimchekesha sana. Alisema naongea kama mtu mwenye maji mdomoni. Naye Kikamba hakukiweza. Kwa hiyo tukigombana tuligombana kwa Kiswahili, ili asiwepo aliye kwao.

Mengine unayajua. Tangu serikali ituhamishie katika kijiji hiki chenye handaki, lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na anayeonekana nje baada ya hapo hupigwa risasi. Siku ile ya Februari alishikwa na uchungu lango likiwa limekwisha kufungwa. Mtoto akabaki, yeye akaenda. Mtoto ni wa kiume, amenenepa. Jirani yetu, Nyanya Mumbi, humpa maziwa ya mbuzi.

Kitambaa chake cha kichwa bado kipo kwenye msumari. Sijakifua.

Ni mimi,
Kimeu Ndambuki

*

Thika
17 Aprili, 1955

Kimeu, mume wa dada yangu,

Nimeusoma ule mti wa kahawa mara nyingi. Umenipa zaidi ya unavyofikiri.

Wewe hukuniona siku shule yetu ilipofungwa na serikali. Nilitoka na vitabu ndani ya gunia la viazi. Siku hizi mchana nabandika karatasi kwenye makopo ya mananasi kiwandani, na nikitoka huko nasoma. Katika vitabu vile mtu wetu huingia amebeba sanduku, anasema "Ndiyo, Bwana," anatoka. Hakuna anayeuliza asubuhi alikula nini, au nyumbani alimwacha nani. Nataka kuandika kitu ambacho mtu akiingia, anaingia mzima, na mambo yake yote. Nafikiri hiyo ndiyo kazi pekee ya kalamu. Idah aingie mzima.

Mhariri wa gazeti moja la kila mwezi huko Nairobi ameona kurasa za mwanzo. Anasema nikimaliza Mei, atachapa. Sijawahi kuchapwa, Kimeu. Kupigwa nimepigwa, lakini kuchapwa bado.

Sasa nisaidie. Wanawake waliotoka kijijini kwenu kuja kuchuma mananasi huku wamenieleza yale uliyoyaacha. Wanasema nyumba yenu iko karibu na lango. Wanasema Idah alilia mpaka kijiji kizima kikasikia, na homugadi wa zamu, yule mlinzi wa serikali, amesimama pale pale, koti refu, kofia nyekundu ya sufu, na wala hakugeuza shingo. Anaitwa Gachanja. Jina sitaliandika, lakini kofia nitaiandika, na shingo. Ni kweli hivyo?

Mama anauliza mtoto anaitwa nani. Kila siku anauliza.

Shemeji yako,
Simeon Waweru

*

Ruiru
1 Mei, 1955

Shemeji,

Andika mti wa kahawa. Andika sahani chini ya mvua. Mlinzi mwache.

Siwezi kueleza kwa nini. Bahasha ni nyembamba na mikono inayoishika ni mingi. Nakuomba tu. Ukitaka niongeze mambo ya Idah ili kujaza mahali pake, nitaongeza. Alikuwa akilala na kiatu kimoja kando ya kitanda na kingine mlangoni, na kila asubuhi anauliza nani amekiiba. Alipokuwa na mimba alitaka udongo wa kichuguu, nami nikaenda kuutafuta mpaka mtoni, nikarudi nao kwenye kofia. Akasema, "Si huu, ni wa kile kichuguu kingine."

Jina la mtoto bado. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya nne, na kabla ya hapo hatujasema kwamba amekuwa mtu. Wangu amepitisha siku hiyo zamani. Mama yangu akijua, atakuja kutoka Machakos na fimbo. Si kwamba simtaki, mwambie mama. Jina ninalo. Bado sijalitamka.

Mwache mlinzi, Simeon.

Kimeu

*

Thika
12 Mei, 1955

Kimeu,

Unanishangaza. Nilikuuliza kama ni kweli, hukusema si kweli. Umesema nimwache.

Wewe ni Mkamba. Pasi yako haikaguliwi kama yangu. Mimi hata kuvuka mto kuja kulilia kaburi la dada yangu nilikatazwa. Sasa kati yetu wawili anayeogopa homugadi ni wewe? Au anakupa sigara? Nisamehe. Nimeandika hivyo na sitafuta, kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Hadithi bila mlinzi ni hadithi ya ugonjwa. Mwanamke aliugua, akafa, basi. Lakini dada yangu hakuugua. Palikuwa na mtu, mwenye masikio mawili, aliyechagua. Nikimwondoa huyo, nimesema uongo na nimewasaidia wao.

Niliituma jana. Sentensi ya shingo ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Mhariri mwenyewe atakuambia.

Simeon

*

Ruiru
29 Mei, 1955

Shemeji Simeon,

Sigara sivuti, unajua.

Nimempa mtoto jina. Hapa kijijini tunamwita Ndambuki, la baba yangu, na watu wameridhika. Lakini hilo ni jina la kuitia. Jina lenyewe nilimwambia sikioni, kwetu ndivyo mtoto anavyofanywa mtu, na sasa nawaambia ninyi wa kwa mama yake, kwa kuwa ni haki yenu.

Anaitwa Gachanja.

Mwambie mama. Najua atapiga kelele. Mwache apige, kisha ukae peke yako ulifikirie jina hilo polepole. Wewe ndiye uliyesoma vitabu gunia zima.

Kimeu

*

Thika
9 Juni, 1955

Kimeu,

Mama ametupa ufagio. Amesema, "Hii! Mkamba huyo amerogwa! Mwanangu amelala udongoni, na mwanawe anaitwa jina la mbwa aliyemlinda afe!" Amesema usilete mguu wako hapa. Nami nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nafikiri maneno mabaya zaidi.

Gachanja ni nani katika ukoo wenu? Hakuna. Katika wetu? Hakuna. Kwetu sisi mtoto huitwa jina la babu, na nyanya, na wajomba, kwa zamu, hata mpumbavu anaijua zamu hiyo. Jina la mtu wa nje ya damu halipewi mtoto, hata mtu huyo awe tajiri. Labda tu awe aliokoa

10 Juni

Jana niliacha kalamu hapo. Sikulala vizuri.

Sitauliza neno lolote. Najua hujasema neno lolote. Nasema tu kwamba nimelifikiria jina polepole, kama ulivyosema, na leo asubuhi nimemwandikia mhariri airudishe hadithi.

22 Juni

Sikuituma barua hii, nikingoja jibu. Jibu limekuja. Anasema kurasa zimekwisha kupangwa mashineni, na kwamba waandishi wapya wote huogopa hivyo mwishoni. Niliomba pasi niende Nairobi nikamshike mkono. Karani aliandika "Hapana" hata kabla sijamaliza kusema.

Nifanye nini, Kimeu?

Simeon

*

Ruiru
17 Julai, 1955

Shemeji,

Barua hii inaletwa na Khamisa, yule mama wa Majengo anayeuza leso. Ataitoa kifuani akikupa, usishangae. Hakuna aliyeifungua.

Gazeti limefika. Wanaojua kusoma wamewasomea wasiojua. Hadithi yako ni nzuri, Simeon, lazima niseme hivyo kwanza. Nyanya Mumbi alicheka na kulia pale Idah anapougombeza mti. Lakini ilipofika langoni watu walianza kumtazama mtu mmoja.

Sasa wanamwita Shingo. Watoto wakipita langoni wanakaza shingo zao, wanakwenda kama vijiti, wanacheka. Wanawake hawampi mkewe moto wala chumvi. Wiki iliyopita mkewe alichukua watoto akarudi kwao. Tena kuna watu wa msituni wanaopigana na serikali, nao wanasomewa magazeti.

Jumapili alinikuta nikipalilia nyuma ya nyumba.

"Mkamba," akaniita, kama anavyoniita siku zote. "Unalo lile gazeti?"

"Ninalo."

"Nisomee."

"Achana nalo, Gachanja."

"Kijiji kizima kinanijua kuliko ninavyojijua. Nisomee, na mimi nijijue."

Nikamsomea. Alichuchumaa, akichora chini kwa kijiti. Nilipofika kwenye kofia aliivua, akaiangalia ndani na nje, akaivaa tena. Nilipomaliza alikifuta kwa kiganja alichochora.

"Huyo mtu ni mbaya sana," akasema.

Nikalikunja gazeti.

"Lakini ameandikwa vizuri. Hata mimi ningemchukia." Kisha akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Na kumbe ni wewe, Mkamba! Mimi mwenyewe sikuwepo!"

Sikuweza kucheka naye.

Siku ile aliniapisha nisimwambie hata mama yangu mzazi. Jumapili alisema, "Mwambie huyo shemeji yako. Yeye peke yake." Basi nakuambia.

Idah alipoanza kutokwa na damu, nilikwenda langoni kumwomba. Nilitegemea anipige. Aliniuliza tu, "Damu nyingi?" Nikasema nyingi. Kulikuwa na nesi mmoja tu karibu, Wilkister, kule zahanati ya shamba la kahawa, ng'ambo ya kijito. Mimi nikitoka, ningepigwa risasi na doria. Yeye alilijua neno la siri la siku ile, angeweza kupita. Lakini mnarani kulikuwa na askari anayeangalia lango, na lango bila mlinzi lingeonekana.

Akavua koti, akanivika. Akanivika kofia, akaishusha mpaka masikioni. Akaniwekea mkuki mkononi, akasema, "Simama hapa. Tazama nje. Ukisikia lolote nyuma yako, usigeuke. Ukigeuka wataona uso, na tumekufa sote."

Nikasimama. Nyumba yangu ilikuwa nyuma yangu, karibu kama hapo ulipo na mlango. Idah alilia, Simeon. Aliniita kwa jina. Kisha akaniita kwa Kikuyu, kile ambacho mimi nakisema vibaya. Nilitazama nje.

Gachanja alimleta Wilkister akiwa amemshika mkono, wakipitia chini ya waya. Mtoto aliwahi. Mama yake hakuwahi. Nilipewa ruhusa ya kugeuka akiwa amekwisha kunyamaza. Kijiji kinadhani nesi alikuwa amekuja mchana, akafungiwa nasi.

Kwa hiyo wale wanawake hawakukudanganya. Mtu waliyemwona alisimama kweli, na hakugeuza shingo.

Tafadhali usimtetee gazetini. Ukiandika kwamba alifungua, chifu atamtia kizuizini, pengine kitanzini, na Wilkister atafukuzwa. Usipoandika, ataendelea kuwa Shingo. Nilimwuliza anataka lipi. Akasema, "Yote mawili ni shimo. Hili la Shingo nalijua urefu wake." Kisha akaenda kushika zamu.

Kimeu

*

Thika
6 Agosti, 1955

Kimeu, ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na Khamisa akiwa mlangoni ananiuliza kama kuna msiba. Nilimwambia upo wa zamani.

Yale niliyokuandikia Mei kuhusu woga, na sigara, wewe ukijua ulichokuwa umesimamia! Hukunijibu hata kwa ukali. Sijui nikuombe msamaha kwa lugha gani, yako au yangu au hii tunayogombana kwayo.

Nilikuambia mtu aingie mzima. Nami nilimtoa mtu mmoja nje ya watu ili dada yangu apate nafasi ya kuingia. Nilifikiri kwa kuwa ana mkuki hahitaji kuwa na mambo yake. Hivyo hivyo ndivyo wale wengine walivyotuandika sisi, wakatupa sanduku tubebe.

Mhariri ameniandikia tena. Wasomaji wamependa. Anataka hadithi nyingine, "yenye mtu kama yule mlinzi." Kiwandani vijana wananiita Mwandishi, wananipa nafasi ya kukaa karibu na dirisha. Ndiyo sifa niliyoitafuta maisha yangu yote, na kila anayenipa mkono namwona mke wa Gachanja anafunga mizigo. Mhariri nimemjibu siwezi. Kueleza kwa nini siwezi, hilo nalo siwezi.

Niliomba pasi nije Ruiru. Afisa akauliza, "Sababu ya safari?" Nikasema kumsalimu mtu. "Mtu gani?" Ningesema nini? Akanirudishia karatasi.

Kwa hiyo nimefanya hili moja ninaloweza. Nimeiandika jioni ile upya, ilivyokuwa, pamoja na koti na waya na neno la siri. Nakala ni moja. Sikubaki na kitu hapa, wala karatasi ya kwanza niliyokosea. Khamisa anakuletea. Msomee Gachanja, yeye pekee, kisha mzichome karatasi. Haiwezi kwenda popote. Lakini sikutaka mtu huyo aishi akidhani neno la mwisho juu yake ni lile.

Mama sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba jina la mtoto ni jema, na kwamba mimi najua. Akasema, "Basi mlete nimwone huyo Gachanja wenu."

Nami nauliza jambo ambalo si la hadithi. Wewe unalalaje?

Simeon

*

Ruiru
21 Agosti, 1955

Shemeji Simeon,

Khamisa anarudi Thika mchana huu, nami naandika haraka.

Nalala kidogo. Nikilala kwa ubavu unaotazama ukuta namsikia Idah, kwa hiyo nalala nikitazama mlango. Mtoto ananisaidia, ana kelele nyingi.

Jana Gachanja alikuja na viazi vitamu. Nikawasha moto nyuma ya nyumba, tukavifukia kwenye majivu, nikaanza kumsomea. Nyanya Mumbi alikuwa amekaa upande wa mbele na mtoto, akiwaambia wapitao kwamba ninatibu mguu.

Nilipomaliza mara ya kwanza aliniambia, "Tena." Mara ya pili alikuwa anaisema midomoni pamoja nami, mahali mahali. Nilipofika pale nilipovikwa koti, alinisimamisha.

"Hapo anasema ulisimama kama jiwe."

"Ndivyo alivyoandika."

"Jiwe! Wewe ulitetemeka mpaka kofia ikawa inaruka. Narudi na nesi, naona kofia inacheza ngoma langoni, nikamwambia, huyu Mkamba atatuua."

Hapo nilicheka, Simeon. Nilikuwa sijacheka tangu Februari, na kicheko kilitoka kibaya, kama kikohozi, mpaka Nyanya Mumbi akauliza mguu unaendeleaje.

Tukaendelea. Akanisimamisha tena, mahali palipoandikwa: Mlinzi aliinua komeo bila hofu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Akatikisa kichwa. "Huyo naye si mimi. Yule wa kwanza alikuwa mbaya, huyu ni malaika, na mimi bado sijaandikwa."

"Anakusifu, bwana."

"Najua ananisifu. Mwambie niliogopa. Komeo liliniteleza mikononi, nikalishika mara ya pili. Nilifika karibu na kijito nikataka kurudi. Nilisimama pale nikamtukana mkeo, wewe, na mtoto ambaye hajazaliwa. Ndipo nikaenda. Akiandika sikuogopa, basi sikufanya kitu, nilikwenda tu kutembea."

Nikamwambia nitakufikishia.

Karatasi alizitia motoni yeye mwenyewe, moja moja, akizigeuza kwa kijiti ili zishike vizuri. Viazi vilikuwa vimeiva, tukavila. Mkewe hajarudi. Leo asubuhi mtu aliandika neno kwa mkaa kwenye mlango wake, akaniita nimsomee, nikamdanganya kwamba ni jina tu. Akasema anajua kusoma uso wangu. Ana zamu jioni.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama utalitia lile sahihisho, maana hadithi yenyewe imekwisha kuwa majivu, na haijulikani kama utaiandika tena, wala lini, wala kama sote tutakuwapo. Nilimwambia utalitia.

Tafadhali litie.

Ni mimi,
Kimeu